"Simama!": kisa cha konstebo, mvuvi na upo

Katika miaka yangu ya kuwafunza askari matumizi ya nguvu nimeona makosa mengi, na mengi yake nimeshayasahau. Hili halijanitoka. Lilitokea Pemba, katika zoezi, kwa bunduki zinazorusha vidonge vya rangi, na mtu aliyepigwa alirudi kwao usiku uleule kwa miguu yake, koti tulilomvisha likiwa na doa moja jekundu. Hakuna aliyeumia. Kosa hilohilo likifanyika kwa risasi za moto huishia makaburini na mahakamani, na kila aliyehusika anakuwa na sababu ya kuficha alichokiona. Hili letu tuliliona sote, tukaligeuza kila upande, na mimi mwenyewe nimo ndani yake. Kituo na majina nitayaacha.

Askari walikuwa 12, wengi wao makonstebo. Mchana tulikuwa kwenye kiwanja cha shabaha. Usiku tukashuka pwani, upande wa magharibi wa kisiwa, mahali penye mikoko mkono wa kushoto na minazi nyuma. Pwani za namna hiyo ndizo askari wa Pemba wanazozijua msimu wa karafuu: bandari bubu, dau linangoja maji yajae, magunia yanateremshwa gizani kuelekea upande wa Kenya. Kwa hiyo hatukubuni jambo la ajabu. Tuliwatoa wawili wawili, na kila jozi tukaipa taarifa ileile, fupi, kama inavyokuja redioni: kuna mtu pwani anapakia magunia, inasemekana ana panga, nendeni mkamkamate.

Mtu mwenyewe alikuwa mvuvi wa makamo wa kijiji cha jirani, tuliyempata kwa msaada wa sheha. Tulimvisha kofia ya kukinga uso na koti nene lililofika magotini, tukampa kazi anayoifanya kila siku: apige magoti ndani ya dau lililopwelewa, afue maji kwa upo, yaani kichoteo cha mkono cha kutolea maji chomboni, na askari wakimwamrisha jambo alifuate. Hilo la mwisho nilimkariria mara mbili. Panga lilikuwepo, lakini omoni, mbele ya dau, chini ya tanga, mahali ambapo mvuvi yeyote angeliweka. Pemba mwanamume asiye na panga ni wa kuulizwa limekwenda wapi.

Jozi ya pili ilikuwa ya konstebo kijana, mzaliwa wa bara, mwezi wake wa nne kisiwani, na koplo mtu mzima mwenyeji wa Pemba. Konstebo ndiye aliyebeba bunduki. Koplo alikuwa na tochi na rungu. Mchana ule kijana ndiye aliyeongoza kwa shabaha: risasi 10, 9 ndani ya duara. Nilimsifu mbele ya wenzake.

Nilipopuliza filimbi walikimbia mita kama 200 juu ya mchanga. Mita 30 kutoka kwenye dau palikuwa na mnazi mnene, na mchana tulikuwa tumewaeleza kuwa mahali pa aina hiyo ndipo pa kusimama, kuvuta pumzi, kuangalia, kisha kuita. Konstebo aliupita mnazi kama haupo. Akaenda moja kwa moja hadi mita nne hivi kutoka ubavuni mwa dau, akainua bunduki, akapiga kelele: "Polisi! Simama! Simama!" Koplo, nyuma yake upande wa kulia, naye akapaza sauti: "Kaa kitako! Kaa kitako!" Mvuvi akainuka, akageukia mwanga, upo mkononi ukichuruzika maji. Konstebo akafyatua mara tano. Koplo alishaanza kupiga ukelele "Wacha! Wacha!" tangu mlio wa pili.

Kwenye simu iliyorekodi, kutoka "Simama" ya kwanza hadi mlio wa kwanza hazikutimia sekunde tatu. Kidonge kimoja kilimpata mvuvi kwenye paja. Vitatu vilipiga ubavu wa dau. Cha tano hatukukiona hadi asubuhi, wala asubuhi hatukukiona.

Nikawakusanya palepale. Nikamwambia konstebo aeleze. Alieleza kwa sauti thabiti, huku mikono ikimtetemeka. Alisema alipofika mtu alikuwa tayari amesimama. Alisema mtu aliinua panga. Alisema yeye alifyatua mara mbili. "Na koplo alikwambia nini?" nikamuuliza. "Afande, koplo alikuwa kimya." Koplo wa watu sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga kelele. Wenzao wakaangua kicheko, mmoja akasema "mwoga huyo," na nikalazimika kuwanyamazisha kwa ukali.

Mvuvi akavua kofia, akakaa juu ya ubavu wa dau, akamtazama yule kijana, na wala hakuwa na hasira. "Mwanangu," akamwambia, "umenambia nisimame. Nikasimama."

Alichokisikia na alichokiona

Nianze na lile lililowachekesha wenzake, kwa sababu ndilo linalowapeleka askari pabaya zaidi baadaye. Yule kijana hakusema uongo. Alitueleza zoezi alivyoliishi, na zoezi aliloliishi halikuwa lile tuliloliona sisi.

Mwili unapohisi hatari, ndani ya sekunde chache tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hukimbia, mboni za macho hutanuka, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mabega, na vidole hupoteza wepesi wake. Wakati huohuo uangalifu wa akili hubana. Kinachoonekana kuwa hatari huchukua nafasi yote. Kingine kinaachwa nje. Sikio linafanya kazi, sauti inafika, lakini haipati wa kuipokea. Kiswahili kina neno zuri kwa hali hii, taharuki, na ndilo nitakalolitumia, kwa maana tunaposema msongo watu wengi hufikiria madeni, ada za watoto na mkuu wa kituo asiyeridhika. Huo nao upo, na nitaugusa.

Mwanasaikolojia wa Marekani Alexis Artwohl alichapisha mwaka 2002 majibu ya askari 157 waliowahi kufyatulia watu risasi kazini. Asilimia 84 walisema sauti zilififia au zilipotea. Asilimia 79 walisema macho yaliona kama kwa kupitia bomba. Zaidi ya nusu walikuwa na vipande vya tukio ambavyo havikumbukiki. Na asilimia 21, mtu mmoja katika kila watano, walisema waliona, walisikia au walipitia jambo ambalo baadaye ilithibitika kuwa halikutokea. Panga la konstebo wetu limo humo. Ukimya wa koplo umo humo. Risasi mbili badala ya tano zimo humo. Ingekuwa kweli, askari huyu angeandika maelezo kituoni usiku uleule, angetia saini, halafu picha ya simu ya mtu fulani ingeonesha mvuvi aliyeshika upo, na kila mtu, kuanzia familia ya marehemu hadi hakimu, angemwita mwongo. Huenda wangekuwa na haki ya kumhukumu kwa alichokifanya. Kwa alichokisema wangekosea.

Na hapa ndipo penye kosa langu. Nilimhoji dakika tano baada ya tukio, mbele ya watu, akiwa bado anahema. Baada ya adrenalini huja homoni nyingine, kotisoli, ambayo haina haraka: hufikia kilele chake dakika 20 hadi 30 baada ya kilichoitibua, na moja ya athari zake ni kuyazuia yaliyohifadhiwa kichwani yasitoke. Nilikuwa nafungua sanduku kwa ufunguo wakati kufuli linazidi kukaza. Nilichopaswa kuuliza pale ni mambo ya usalama tu: kuna aliyeumia, bunduki iko salama, kuna mtu mwingine aliyekimbia? Mengine yangengoja, faraghani, na usingizi wa usiku mmoja katikati. Badala yake nilimpa nafasi ya kuapia panga lisilokuwepo mbele ya watu 11, na mtu akishaapia jambo mbele ya wenzake kumtoa hapo ni kazi ngumu.

Usingizi pia. Nilikuja kugundua kesho yake kuwa kijana alikuwa lindo usiku uliotangulia. Alifika kiwanjani asubuhi moja kwa moja kutoka zamu, hakulala mchana, na saa nne za usiku tukampa bunduki na kumwambia akimbie. Hakuna aliyeuliza. Askari wa cheo chake hasemi "Afande, nimechoka."

Mabingwa wa karatasi

Alama 9 kati ya 10 mchana, kidonge kimoja kati ya vitano usiku, kwa mita nne. Wengi walidhani giza ndilo lililomponza. Giza lilikuwepo, lakini tochi ya koplo ilimmulika mvuvi barabara, na rangi ilitapakaa ubavu mzima wa dau.

Jambo hili limepimwa mahali penye kumbukumbu nzuri za risasi. Jeshi la polisi la New York, kati ya mwaka 1998 na 2006, katika matukio ambayo mtuhumiwa hakurudisha risasi, askari walilenga sawa kwa asilimia 30 hivi. Aliporudisha, ikashuka hadi 18. Wale ni askari wanaopimwa shabaha mara kwa mara na kufaulu. Karatasi haigeuki, haisemi, haikutazami, na zaidi ya yote haikulazimishi kuamua kama inastahili kupigwa. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua kati ya vijisanduku viwili kwa kuwatia shoti ya umeme wakikosea. Uchaguzi ulipokuwa mwepesi, shoti kali iliwaharakisha kujifunza. Ulipokuwa mgumu, shoti kali iliwavuruga, ile ya wastani ikawa bora. Panya si askari, na watu wameining'iniza nadharia kubwa mno kwenye uzi wa jaribio lile. Lakini sehemu hiyo ya ugumu ndiyo niliyoiona pwani. Kufyatua ni kazi nyepesi, na taharuki haikuizuia. Vidole vya kijana vilifyatua haraka kuliko mchana. Kutambua upo ni upo, hiyo ndiyo kazi ngumu, na hiyo ndiyo iliyovunjika.

Uholanzi, Arne Nieuwenhuys na Raôul Oudejans wamelifanyia kazi suala hili kwa miaka. Waliwaweka askari mbele ya mtu anayewarudishia risasi za sabuni zenye rangi, ambazo zinauma, wakalinganisha na pale asiporudisha. Chini ya shinikizo askari walifyatua mapema zaidi, walipepesa macho zaidi na walikosa zaidi. Katika jaribio jingine walilochapisha mwaka 2012, askari waliokuwa na wasiwasi walielekea zaidi kumpiga mtu aliyekuwa anajisalimisha. Maelezo yao yalinigusa: askari mwenye wasiwasi huamua kwa kile anachotarajia kukiona zaidi kuliko kwa kile kilicho mbele yake.

Konstebo wetu alitarajia nini? Panga. Nani alimpa panga? Sisi, kwa taarifa yetu ya redio. "Inasemekana ana panga." Tulimjaza jicho kabla hajafika. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, New York, askari wanne walimfyatulia Amadou Diallo, kijana wa Kiguinea aliyesimama mlangoni mwa nyumba anayokaa, risasi 41. Zilizompata zilikuwa 19. Alichotoa mfukoni kilikuwa pochi. Pochi ya Diallo na upo wa mvuvi wetu ni kitu kimoja: kitu cha kawaida kilichoshikwa na mkono ambao tayari umeshahukumiwa kuwa na silaha.

Neno lenyewe

Nimesoma kiasi kuhusu haya, na bado sijakuta mahali palipoelezwa jambo ambalo mvuvi alilieleza kwa maneno matatu. Wanaoandika hawaandiki kwa Kiswahili.

"Simama" kwetu ni maneno mawili katika sauti moja. Anayetembea ukimwambia simama, ataacha kutembea. Aliyekaa au aliyepiga magoti ukimwambia simama, atainuka. Hapo hakuna utata kwa msikilizaji. Anaelewa kulingana na alivyo. Utata uko kwa msemaji ambaye hajaona huyo mtu yukoje. Kijana alikuwa na taharuki, akachota neno lililo karibu zaidi ulimini, na neno hilo alilikariri tangu chuoni. Kwenye gwaride, kwa miezi, "simama" lilimaanisha koma. Hakuwahi hata mara moja kulitamka kwa mtu aliyepiga magoti. Akamwamuru mvuvi akome, mvuvi akatii kwa kuinuka, na kuinuka kule kukaonekana kuwa shambulio. Yaani yule mtu alipigwa kwa sababu ya utiifu. Sijui kosa baya zaidi ambalo askari anaweza kumtendea raia.

Kisha kulikuwa na sauti ya pili. Koplo ni mtu wa hapahapa, alipomwona mtu amepiga magoti alitaka abaki chini, akasema kama anavyosemwa mtu Pemba, "kaa kitako." Amri mbili, sekunde moja, kila moja inapinga mwenzake. Nilimuuliza mvuvi kwa nini alifuata ya kwanza. Akanijibu kwa utulivu kuwa alimtii mwenye bunduki. Jibu la mtu mwenye akili timamu. Ungemfuata nani wewe?

Tunaongea sana juu ya taharuki ya askari na tunasahau kuwa upande wa pili wa tochi yuko mtu mwenye taharuki yake. Pemba hili lina uzito wake. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa Zanzibar, wengi wao Pemba, wakati waandamanaji walipofyatuliwa risasi, na wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Sisemi hata kidogo kuwa yale yalitokana na mikono ya makonstebo kutetemeka. Kulikuwa na amri na siasa, na huo ni uchambuzi mwingine. Nasema kwamba mtu mzima wa kisiwa hiki anaposikia "Polisi!" gizani, mwili wake una kumbukumbu ambazo askari wa miaka 23 kutoka bara hazijui. Huyo mtu anaweza kukimbia bila hatia yoyote. Anaweza kugeuka ghafla. Anaweza kuganda akashindwa hata kuangusha kilicho mkononi. Yote hayo, kwa jicho lililobanwa, yanafanana na ukaidi.

Misingi ya Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, inamtaka askari kabla ya kufyatua ajitambulishe, atoe onyo lililo wazi, na atoe muda wa kutosha onyo hilo lifuatwe, isipokuwa kama kungoja kutahatarisha maisha. Konstebo alijitambulisha. Onyo halikuwa wazi, na muda haukufika sekunde tatu. Na ule mnazi alioupita ndio uliokuwa na muda wote aliouhitaji. Mita 30 nyuma ya mti mnene, mtu mwenye panga hakufikii mara moja. Una nafasi ya kumulika, kuangalia mikono, kuita, kurudia, kumsikia koplo wako. Mita nne, mnabaki wewe na kidole chako. Umbali ndio muda. Askari wengi huielewa hiyo sentensi wakiwa wamekaa darasani, kisha miguu ikaanza kukimbia na ikaisahau.

Kabla sijaendelea, niseme neno juu ya jedwali moja linalozunguka sana kwenye mafunzo ya polisi duniani, na ambalo hata mimi nimewahi kulibandika ukutani: moyo ukifika mapigo 115 kwa dakika vidole vinapotea, ukifika 145 hivi, ukifika 175 vile. Tulihesabu mapigo ya kijana kwa mkono mara baada ya tukio, yalizidi 150. Lakini alikuwa ametoka kukimbia mita 200 za mchanga. Mpiga mbio mwenye mapigo 170 anaweza kutia uzi kwenye sindano. Mtu aliyekaa kitini akaogopa mapigo yakiwa 110 anaweza kushindwa kufungua mlango. Mapigo yanayotokana na mbio na yanayotokana na hofu hayana kazi moja mwilini, na zile namba kali zimesimama juu ya ushahidi mdogo mno. Nimeacha kuzifundisha.

Usiku wa pili

Tulibadilisha mambo machache. Konstebo alilala mchana, kwa amri. Asubuhi nilimchukua peke yake, nikamwonesha picha za simu bila kusema neno. Alizitazama mara tatu. Kwenye ile sehemu ya koplo anapiga kelele aliirudisha nyuma, akaweka simu sikioni. "Alikuwa anasema," akaniambia polepole. Nilimwacha na hilo.

Maneno tuliyachagua sote pamoja, wenyeji na wa bara, na mvuvi tukamshirikisha, kwa kuwa yeye ndiye atakayeambiwa. "Simama" ikatolewa. Tukafikia "Polisi! Baki ulivyo! Nioneshe mikono!" Baki ulivyo haina maana mbili: aliyesimama atasimama, aliyekaa atakaa, aliyepiga magoti hatainuka. Na tukakubaliana msemaji ni mmoja. Anayeshika bunduki hasemi. Anayeshika tochi ndiye anayesema. Maneno hayo tuliyapiga mchana kweupe mara kumi, kumi na tano, bila mbio, kisha kwa mbio, kisha na watu wanapiga makelele pembeni, kisha magharibi mwanga ukiwa unafifia. Hii ngazi ina umuhimu. Ukimtupa mtu kwenye taharuki kamili tangu mwanzo, kinachokaa mwilini mwake ni taharuki yenyewe. Waholanzi niliowataja waliwapa askari mazoezi ya namna hii, ya kurudishiwa risasi, kwa vipindi vichache tu, na waliofanyishwa hivyo shabaha yao haikuporomoka tena chini ya shinikizo. Walipopimwa miezi minne baadaye ilikuwa bado imeshikilia. Wenzao waliofanya idadi ileile ya mazoezi bila shinikizo hawakupata faida hiyo.

Pumzi pia, lakini kwa uchache: penye mnazi, vuta kwa hesabu ya nne, zuia nne, toa nne, mara mbili. Kwangu faida yake ya kwanza ni kuwa inamlazimisha mtu asimame penye mnazi.

Usiku taarifa ya redio ikawa tofauti kidogo: mtu yuko pwani na dau, hatujui ana nini. Konstebo alifika kwenye mti, akasimama. Niliona mabega yakipanda na kushuka. Koplo akamulika, akaita. Mvuvi akabaki magotini, akainua mikono yote miwili, upo ukiwa bado umo kwenye wa kulia. Bunduki ilikuwa imeelekezwa, kidole kiko nje ya triga. Sekunde ya nne, ya tano. "Angusha hicho," koplo akasema. Upo ukaanguka majini.

Hakukamilika. Tulikuwa tumemlaza askari mwingine ndani ya dau, chini ya tanga, na wote wawili walimsogelea mvuvi bila kuangalia ndani. Kama yule wa ndani angekuwa na nia mbaya, angewapata wote. Macho ya konstebo yalikuwa kwenye ule upo tu, kama vile usiku wa kwanza ulikuwa bado unamdai. Tuliwaambia. Koplo aliandika kwenye kijitabu chake.

Misingi ileile ya Havana, kifungu cha 21, inataka askari walioingia katika matukio ya nguvu na silaha wapewe ushauri nasaha. Watu hufikiria hiyo ni kwa aliyeua. Kijana huyu hakuua mtu, alipiga vidonge vya rangi kwenye zoezi, na wenzake waliniambia hakula chakula usiku ule. Nilikwenda kukaa naye nje ya bweni. Nilimwambia wale 11 waliomcheka, wanne kati yao nao walifyatua. Hakuwa anajua, aliondolewa pwani kabla ya jozi zilizofuata. Na hao wanne pia nilikuwa sijawaambia kitu mbele ya wenzao, kwa sababu baada ya yaliyompata yeye niliacha kuhoji watu hadharani. Kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyeibeba aibu ya watu watano, na hilo nimelifanya mimi.

Asubuhi ya kuondoka mvuvi alikuja kuchukua koti lake la kazini alilolisahau. Konstebo alimwamkia, "Shikamoo mzee," akamsaidia kusukuma dau hadi majini, maana maji yalikuwa yanajaa. Kisha akanifuata kwenye gari. Jumatatu alikuwa amepangiwa doria ya usiku, pwani, na bunduki ya kweli.

"Afande," aliniuliza, "tutarudia lini?"

Sikuwa na tarehe ya kumpa.